Betri ya Siku Mbaya

Gari lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara, saa tatu asubuhi, saa ambayo kila mwenye haraka mjini huwa amefika hapo na haraka yake. Halikukohoa wala kutoa moshi, maana magari ya umeme hata kufa hufa kimya kimya. Lilipunguza mwendo, likajisogeza kidogo kama mtu anayetafuta pa kukaa, likasimama. Kioo kilichokuwa kikisema dakika tano kabla kwamba bado kuna kilomita kumi na mbili sasa kilikuwa cheusi, hakisemi kitu.

Sista alishuka na sare yake nyeupe, akaweka bega kwenye mlango, akaanza kusukuma. Honi zikamjia kila upande. "Liwekee betri za tochi!" akapaza sauti dereva mmoja wa lori, na abiria wake wakacheka. Wanaume watatu waliokuwa wakipita kwa miguu wakaja kumsaidia, na kama kawaida ya wasaidizi wa barabarani, walisaidia kwa mikono na kuumiza kwa midomo.

"Sista, leo mgonjwa ni gari au ni wewe?"

"Gari, kaka yangu. Mimi bado natembea."

"Sasa hili unalichoma sindano wapi?"

Akacheka nao, kwa kuwa anayesukumiwa gari hana haki ya kununa. Lakini moyoni alikuwa anahesabu. Alikuwa muuguzi wa majumbani. Kliniki ilimlipa kwa kila mgonjwa anayemfuata kwake kumsafisha kidonda na kumfunga, na wagonjwa wake walikuwa kumi na wanne. Kumi na watatu wangeweza kumsubiri siku moja, wanung'unike, wasamehe. Wa kumi na nne alikuwa mwashi mstaafu anayekaa kilimani, mwenye kidonda kwenye muundi wa mguu wa kulia. Daktari alikuwa amesema maneno ambayo Sista aliyasikia tena kila alipoliwasha gari lile: "Kifungwe kila siku kwa mwezi mmoja. Kisipopungua, tutaukata mguu chini ya goti."

Kila siku. Yeye alikuwa akifika Jumanne na Ijumaa tu. Na leo ilikuwa Ijumaa.

*

Nyumbani, suala la betri lilikuwa na mwenyewe. Mumewe alikuwa mkaguzi wa mizani, na mji mzima ulimwita Ratili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amezunguka sokoni na madukani na mkoba wa mawe ya kupimia, akiweka jiwe la kilo kwenye mizani ya muuza nyama na kusubiri mshale utubu. Hakuwahi kupokea hata paja la kuku. Wauza nyama walimwogopa, wake zao walimsifu, na yeye mwenyewe aliamini kwamba jambo lolote likipimwa sawasawa, ugomvi juu yake unaisha.

Kwa hiyo gari lilipoanza kuchoka, hakulalamika. Alinunua daftari. Kila jioni kwa siku thelathini aliingia garini, akasoma kilomita, akaandika. Sasa, mchana ule ule wa aibu ya barabarani, alilifungua mezani mbele ya mkewe na mdogo wake, dalali wa viwanja, ambaye hakuna aliyemwita lakini hakuwahi kukosa kikao.

"Wastani ni kilomita arobaini na moja kwa siku," alisema Ratili. "Siku ndefu kuliko zote, hamsini na mbili. Betri ndogo, ya uniti ishirini na nne za umeme, ile kuukuu iliyofufuliwa na fundi, inatoa kilomita tisini. Tisini toa hamsini na mbili, tunabaki na thelathini na nane. Hiyo ni chenji."

"Kaka, kaka, kaka," akasema dalali, akitikisa kichwa kana kwamba amefiwa. "Mtu mzima ananunua betri ya ishirini na nne? Chukua ya sitini na mbili! Kilomita mia tatu! Unaondoka hapa unakwenda, unarudi, na bado unachajia mtaa mzima simu."

"Nakwenda wapi?"

"Popote!"

"Popote si mahali, mdogo wangu."

Sista alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya polepole mno, ganda likitoka refu bila kukatika. "Na ile ya kati?" aliuliza. "Ya arobaini?"

"Bei yake ni karibu mara mbili ya ndogo. Pesa ya ndogo tunayo, iko benki, haina mwenyewe mwingine. Ya nini kununua suruali ya mtu mnene?" Akamtazama juu ya miwani. "Au kuna safari ambayo sijaiandika?"

Hapo ndipo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini kulisema lile kungemlazimu kusema na mengine. Gari lilikuwa limeshindwa kupanda kilima tangu miezi saba iliyopita. Kila Jumanne na Ijumaa alikuwa akiliacha chini, kwenye kinu cha kusaga unga, akajitwika mfuko wa dawa begani na kupanda kwa miguu. Ndiyo maana alifika mara mbili tu kwa wiki: siku ya kilima ilimmaliza, na siku iliyofuata miguu ilidai haki yake. Isitoshe, ni yeye aliyelitaka gari la umeme wakati Ratili anataka la petroli. Ni yeye aliyesema, tena mbele ya huyu huyu shemeji yake, "Halitatusumbua hata siku moja."

"Ndogo itatosha," alisema, akampa kila mmoja kipande cha chungwa.

Ratili akapiga mstari chini ya hesabu yake, akaridhika. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakusema itakuwaje ikiwa anayeficha ni mmoja na maradhi ni ya mwingine.

*

Gari lilifika kwa fundi jioni ile ile likiwa limefungwa kamba nyuma ya lori la mchanga, na dalali akiwa kwenye usukani anapungia watu mkono kama kiongozi. Fundi alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba mahali pa sikio, na ndiyo maana, au kwa sababu ya kazi yake, aliitwa Mama Waya. Alikuwa na betri tatu chini ya turubai: ndogo, ya kati na kubwa, zimelala zikifuatana. Hakuzionyesha. Alivaa glavu zake nene za mpira, akaegemea gari.

"Kwanza niambieni siku yenu mbaya ikoje."

"Namna gani mbaya?" akauliza Ratili.

"Mzee, betri hainunuliwi kwa siku ya kawaida. Siku ya kawaida hata mgonjwa anaitembea. Nataka ile siku ambayo mvua inanyesha, mgonjwa wa kwanza yuko mashariki, wa mwisho magharibi, na katikati mtu anataka kupelekwa hospitali."

Ratili akampa daftari, bila majivuno, ila mkono ulionyooka ulikuwa na majivuno yake wenyewe. Mama Waya akalamba kidole, akafungua kurasa. Nyusi zake zikapanda.

"Kazi safi hii. Wengine wanakuja kuniambia 'huwa tunaenda mbali kiasi.'" Akafungua ukurasa mwingine, akarudi nyuma, akaenda mbele. "Jumanne, kilomita kumi na tisa. Ijumaa, kumi na tisa. Jumanne, kumi na tisa. Siku hizo mama haendi kazini?"

"Anaenda. Anatoka saa mbili, anarudi saa tisa."

"Saa saba kwa kilomita kumi na tisa."

"Ndiyo," alisema Ratili, na kwa mara ya kwanza akaisikia namba ile kwa masikio ya mtu mwingine.

Mama Waya akavua glavu moja. Hakumtazama Ratili; alivitazama viatu vya Sista, vyeupe vya kazi, vilivyolika kisigino upande wa nje. "Mzee," akasema, "gari likilala, nani anatembea?"

Hata dalali akavitazama vile viatu.

"Mimi," alisema Sista.

"Wewe unatembea wapi?" Ratili alimgeukia.

"Kilimani, kwa mwashi. Gari haliwezi kupanda. Naliacha kwenye kinu."

"Tangu lini?"

"Miezi saba."

"Na mfuko?"

"Mfuko naubeba. Nani mwingine aubebe?"

"Mbona hukuniambia, mke wangu?"

"Ningekwambia ungenikataza."

Ratili akafikiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujibu asichokuwa na hakika nacho. "Ningekukataza," alikiri.

"Basi."

Shemeji mtu akaona nafasi ya kuokoa jahazi. "Lakini shemeji, mbona jambo dogo? Kaka ana pikipiki. Akurushe juu, akushushe."

"Kaka yako anatoka saa kumi na moja alfajiri, soko linafunguliwa kabla ya jua. Na pikipiki haibebi sanduku la dawa wala mgonjwa anayeshindwa kukaa wima. Za kukodi nilijaribu. Nauli ya kwenda na kurudi inazidi ninacholipwa kwa mgonjwa huyo."

Mafundi wawili wa jirani walikuwa wameacha kazi zao wanasikiliza. Ratili aliwaona. Miaka ishirini na sita alikuwa akiwasimamisha watu hivi hivi mbele ya majirani, mshale ukiwa umekataa kwenda mahali pake. Sasa masikio yalimwaka moto, na hakujua aweke wapi mikono.

Mama Waya akafunika tena betri zake. Kuna mafundi ambao wangeuza pale pale, kubwa kuliko zote, mteja akiwa bado ameinamisha kichwa. Huyu alisema, "Gari libaki. Nendeni mkapime upya. Mkichukua ndogo leo mtarudi, na mimi sipendi mteja anayerudi."

*

Jumamosi asubuhi Ratili alimpakia mkewe kwenye pikipiki mpaka kwenye kinu, akaizima.

"Inapanda hii," alisema Sista.

"Najua. Lakini sikuja kuipima pikipiki."

Akauchukua mfuko wa dawa, akautia begani. Ulikuwa mzito kuliko alivyoukisia, na yeye si mtu wa kukisia vibaya. Barabara ilikuwa ya changarawe, imechimbwa na maji, inajikunja kulia na kushoto. Kwenye kona ya tatu shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kwenye ya tano alikaa juu ya jiwe, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Sista alisimama pembeni akatazama bonde, akamwachia heshima yake.

"Hapa huwa unapumzika?" aliuliza Ratili alipopata pumzi.

"Siku hizi sipumziki hapa."

Siku hizi. Alinyanyuka na neno hilo, akapanda nalo hadi juu. Lilikuwa zito kuliko mfuko.

Mwashi alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa mzee mrefu, mikono mikubwa yenye kucha zilizoliwa na saruji.

"Sista! Jana sikukuona, nikajua limekufa. Na huyu ndiye bwana wa mizani? Wewe ndiye uliyemfunga rafiki yangu muuza mchele."

"Nilifunga duka, yeye sikumfunga."

"Alikuwa anatupunja?"

"Gramu mia na ishirini kila kilo."

"Basi ulichelewa," alisema mwashi, akacheka mpaka mguu ukamuuma, akanyamaza ghafla.

Sista alipiga magoti. Alifungua bandeji tabaka kwa tabaka, akimwagia maji ya chumvi pale iliponata, na wakati wote akiongea na mzee habari za binti yake na bei ya matofali, hivi kwamba maumivu yalikuja na kuondoka bila kupata mtu wa kuyasikiliza. Ratili hakuwahi kumwona mkewe kazini. Alijua ana mikono myepesi, kwa kuwa ndiyo iliyomlea yeye na watoto wao. Hakujua kwamba ina elimu kiasi kile. Kisha Sista akatoa kijikaratasi chenye sentimita, akakilaza kando ya kidonda.

"Nisomee," alimwambia mumewe. "Macho yako hayakosei."

Ratili akainama. Harufu ilimpiga, lakini hakurudi nyuma. "Saba na nusu kwa tano."

Sista alikikunja kijikaratasi. Alitoa daftari lake mwenyewe mfukoni, akaandika. Ratili akaomba alione. Lilikuwa safi kuliko lake. Jumanne: sita na nusu kwa nne. Ijumaa kabla yake: sita na robo. Kila palipopita siku tatu, namba ilisimama pale pale. Kila palipopita nne, ilipanda. Hesabu ya mwezi mzima ilikuwa mle, haihitaji maelezo. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Imepanda, siyo?" aliuliza mwashi. "Msinifiche. Mimi nimejenga nyumba mia na tatu, nikipanda ngazi na ndoo ya zege kwa mguu huu huu. Ukuta ukianza kupasuka najua. Kama ni wa kukatwa, ukatwe. Namwomba daktari kitu kimoja tu, aniache kwanza nimalize jiko la binti yangu."

Alisema kwa utani, ila mkono wake ulikuwa umelishika goti, umelishika hasa, kama mtu anayezuia kitu kisiondoke.

"Daktari alikupa mwezi," alisema Ratili. "Zimebaki siku ngapi?"

"Ishirini na tatu," akajibu Sista kabla ya mzee.

Kuna wanaume ambao wangeteremka kilima kile na hasira: mke wangu amenificha miezi saba, mke wangu amenifanya mjinga mbele ya mafundi. Ratili aliteremka ameushika mfuko kwa mikono miwili. Alipofika kwenye kinu alisema, "Kilomita tano na mita mia mbili. Nimehesabu hatua." Halafu akasema, "Nimepumzika mara sita." Halafu, akiwa anaipiga teke pikipiki iwake, akasema kwa sauti ambayo kelele za injini zilikaribia kuimeza, "Pole, mke wangu." Sista aliisikia.

*

Jumatatu Ratili alimfikia Mama Waya hajafungua hata mlango. Mkewe alikuwepo, na dalali hakukosa. Ratili alifungua mkoba wake wa kazi. Mle mlikuwa na lebo nyekundu zilizoandikwa HAIFAI KUTUMIKA, ambazo hubandikwa kwenye mizani inayodanganya, mbele ya mwenyewe na mbele ya wateja. Akachomoa moja, akailamba nyuma, akaibandika juu ya jalada la daftari lake la kilomita.

"Kaka! Si daftari lako mwenyewe hilo?"

"Mizani ni mizani." Akaligeuza ili Mama Waya alione vizuri. "Mizani haipimwi katikati tu. Jiwe unaliweka katikati, kisha kila pembe, maana wengi hudanganyia pembeni. Nimewafundisha hivyo vijana wote waliopita chini yangu. Na mimi safari hii nimepima katikati tu. Gari bovu lilikuwa linakwenda pale linapoweza, mimi nikaandika kwamba ndipo tunapohitaji kwenda."

Mama Waya hakucheka. Alivuta kipande cha katoni, akachukua chaki. "Haya, siku mbaya. Mzunguko wa mjini?"

"Arobaini na moja," alisema Sista.

"Kilima ni kumi, kwenda na kurudi. Lakini kupanda kunakula mara tatu, na kushuka kunarudisha kidogo. Naandika kumi na nane. Na siku ukimshusha mgonjwa hospitali?"

"Thelathini."

"Jumla tisini kasoro moja. Na ndogo inatoa tisini. Inatoa tisini ikiwa imefufuliwa juzi, barabara tambarare, na dua ya mama mzazi. Mwaka ujao itatoa themanini. Utazimikia kona ya tano."

"Si nilisema!" dalali akaruka. "Sitini na mbili!"

"Wewe baba tulia. Hili gari mifupa yake ni ya kizee. Ya sitini na mbili nikiiweka, nibadilishe springi zote, na bado kila siku mama atapanda kilima amebeba uzito wa kilomita asizokwenda. Ya arobaini inaingia pale pale ilipotoka ya zamani. Inampa mia na themanini. Siku mbaya mbili kwa chaji moja."

Ratili akatikisa kichwa kukubali. Ilibaki bei. Pesa ya benki ilifika nusu na ushee. Dalali akamshika kaka yake mkono, akamvuta mpaka nyuma ya mlango, akashusha sauti. "Yule wa duka la jumla, si unamkagua Alhamisi? Neno moja tu, kaka, atatoa iliyobaki. Hata neno lenyewe nitalisema mimi."

Ratili alimtazama hadi mwenziwe akaanza kutazama sakafu. "Na hilo nalo nilibandikie lebo?"

"Basi, basi. Nilikuwa natania."

"Kama una nguvu za kutania, una nguvu za kufanya kazi. Wewe si dalali?" Akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni, akauweka kiganjani mwa mdogo wake, akavifunga vidole vya mwenziwe juu yake. "Iuze kabla ya jua kuzama. Na usile hata senti."

Tumemcheka sana huyu dalali, kwa hiyo na haki yake tuiseme. Aliiuza pikipiki ile kabla ya saa nane, kwa bei ambayo Ratili asingeipata hata akisubiri mwaka, akaleta pesa zote zikiwa zimefungwa kwa mpira, na alipoulizwa na Sista kama amekula chochote, alisema amekula maneno ya mnunuzi tu.

"Na wewe kazini utaendaje?" Sista alimuuliza mumewe.

"Nina miguu miwili. Na njia ya sokoni haina kilima."

"Ina jua."

"Jua ni la wote," alisema Ratili, akaenda kumsaidia Mama Waya kukunja turubai.

*

Betri ya arobaini iliwekwa, na tangu Jumatano ile gari lilipanda kila siku. Lilipanda bila kelele, likizungusha changarawe kwenye kona ya tano, hadi mlangoni kwa mwashi. Sista alikwenda siku za mvua na siku za jua, Jumapili akiwa na kitambaa cha kanisani kichwani, na siku moja akiwa na homa yake mwenyewe. Saba na nusu ikawa sita. Sita ikakaa sita siku nne, zikawa siku nne za kutokula vizuri kwa watu wawili. Kisha ikawa tano, nne, mbili na nusu.

Siku ya daktari ilipofika, alimteremsha mzee mwenyewe, amekaa kiti cha mbele, gongo katikati ya magoti. Daktari alifungua bandeji, akabonyeza kingo za kidonda kwa kidole, akazibonyeza tena kwa muda ambao mwashi baadaye aliapa ulitosha kujenga msingi.

"Nani anamfunga?"

"Mimi," alisema Sista.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Endelea. Hapa kisu hakina kazi." Akamgeukia mzee. "Mguu ni wako, Baba. Anza kuukanyagia kidogo kidogo. Hatua chache, na gongo."

Mwashi aliushika mkono wa daktari, akauachia, akaushika tena. Alipofika garini ndipo alipolia, na Sista akawasha redio ili asisikike.

Walikuwa wameipita njia ya sokoni, jua la saa nane limesimama utosini, walipomwona mtu mbele yao kando ya barabara. Alikuwa anatembea upande upande kwa uzito wa mkoba, shati limelowa kuanzia kola hadi kiunoni. Kila hatua mia aliuhamisha mkoba mkono.

"Yule si bwana wa mizani?" aliuliza mwashi.

"Ndiye."

"Mbona anatembea? Pikipiki yake iko wapi?"

Sista hakuondoa macho barabarani. "Umeikalia, Baba."

Mzee alitazama kiti. Akatazama sakafu chini ya miguu yake, mahali ambapo betri ilikuwa, akautazama mguu wake wa kulia uliokuwa juu yake. Ilimchukua muda mfupi tu.

"Simamisha gari."

"Baba, mimi ndiye nitamwita, atapanda."

"Nimesema simamisha."

Akafungua mlango, akatanguliza gongo, akatanguliza mguu mzima, kisha ule mwingine. Akasimama. Rangi ilimtoka usoni, ikarudi.

"Baba, kidonda!"

"Daktari amesema hatua chache. Hakusema nizitembee wapi."

Ratili alikuwa amegeuka. Alimtazama mzee, akamtazama mkewe nyuma ya kioo, akajua mguu umeokoka kabla ya kuambiwa. Macho yake, yale yasiyokosea, yalijaa maji asione vizuri.

"Nipe upande mmoja wa huo mkoba," alisema mwashi.

"Ni mzito, Mzee."

"Nimebeba zege miaka arobaini. Nipe."

Wakaushika mkoba wawili, mmoja kila upande wa mpini, wakaanza kwenda. Walikwenda polepole mno, gongo, mguu, mguu. Sista aliwafuata nyuma kwa mwendo wao, kioo kimeshushwa, gari likiwa kimya kiasi kwamba walimsikia anavyohesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Alipofika kumi aliwaambia inatosha, waingie. Hawakumsikiliza mpaka kumi na nne.